Kitabu Kilichopotea Nyumbani mwa Bwana

Wapo wazazi Wakristo wanaotuletea malalamiko yaleyale kila mwaka. Mtoto wao alibatizwa akiwa mchanga, akapokea Komunyo ya Kwanza, akapewa Kipaimara, kisha akaenda mjini kusoma au kutafuta kazi. Huko akakutana na vijana wenzake wenye Biblia mkononi, wakamwuliza swali moja au mawili juu ya imani yake, naye hakuwa na la kujibu. Mwaka wa pili hakuonekana tena kanisani. Wazazi husema kwa uchungu kwamba walimpa kila kitu. Sisi hatupendi kumlaumu mtu aliaye. Lakini yatupasa kuuliza: nyumbani humo Kitabu kilifunguliwa mara ngapi?

Maana Biblia imo. Ilitolewa zawadi siku ya arusi, ikafungwa katika kitambaa cheupe, ikawekwa sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo na hati ya kiwanja. Hutolewa Padre ajapo kubariki nyumba, akishaondoka hurudishwa. Haikuibwa wala haikuteketea kwa moto. Imepotea ndani ya nyumba yenyewe.

Jambo hili si geni. Lilitokea Yerusalemu karibu na mwaka 622 kabla ya Kristo, tena mahali patakatifu kuliko pote. Na aliyewafumbua watu macho siku ile alikuwa mwanamke ambaye Wakristo wengi hawajapata kulisikia jina lake. Twataka leo kumtazama mwanamke huyo, nabii Hulda, na baada yake wengine watatu, tuone jinsi imani iliyozeeka inavyofanywa upya.

Habari zake zimo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 22. Mfalme Yosia alitawazwa akiwa mtoto wa miaka 8, baada ya baba yake Amoni kuuawa na watumishi wake. Babu yake Manase alikuwa ametawala miaka 55, akajaza madhabahu za sanamu hata ndani ya Hekalu la Mungu. Katika mwaka wa 18 wa enzi yake Yosia aliagiza Hekalu litengenezwe. Fedha zilizokusanywa na walinzi wa mlango zikatolewa kwa maseremala, waashi na wajenzi. (Kamati zetu za ujenzi zingefaidika kusoma aya ya 7, isemayo kwamba mafundi hao hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walikuwa waaminifu.)

Katika kazi hiyo Hilkia, kuhani mkuu, akakiona kitabu cha Torati. Wasomi wengi hudhani kilikuwa ni Kumbukumbu la Torati, au sehemu yake kubwa. Tufikiri kidogo: sadaka zilikuwa zikitolewa, uvumba ukifukizwa, makuhani wakipokezana zamu; na Neno lililoamuru hayo yote halikujulikana lilipo. Ibada ilikuwa hai, Kitabu kilikuwa kimesahauliwa. Shafani mwandishi akakipeleka kwa mfalme, akamsomea. Yosia aliposikia akayararua mavazi yake, kwani alitambua jinsi taifa lilivyopotoka mbali na agano.

Mfalme hakusema, "Nimesikia, yatosha." Aliwatuma wanaume watano wakamwulize Bwana: Hilkia mwenyewe, Ahikamu, Akbori, Shafani na Asaya. Wakuu hao hawakumwendea Yeremia, ingawa alikuwa amekwisha kutabiri miaka mitano. Walikwenda mtaa wa pili wa Yerusalemu, nyumbani kwa Hulda, mke wa Shalumu mtunza mavazi. Walimu wa Kiyahudi wa zamani walisumbuka sana kutafuta sababu: wengine walisema Yeremia alikuwa safarini, wengine kwamba wanawake wana huruma zaidi. Maandiko hayatoi sababu yoyote. Walitaka mtu alijuaye Neno, wakamwendea mwenye kulijua. Na katika watano hao alikuwamo kuhani mkuu! Hilkia hakuona haya kuingia nyumba ya mke wa mtunza mavazi aelezwe maana ya kitabu alichokiona kwa mkono wake mwenyewe; wala Hulda hakujaribu kumnyang'anya ukuhani wake. Kila mmoja alikuwa na kazi yake mbele za Mungu.

Jibu lake halikuwa na maneno ya kubembeleza. Aliwaambia warudi kwa mtu aliyewatuma, hivyo tu, bila kumtaja kwanza kwa cheo chake. Yaliyoandikwa yatatimia, akasema. Mahali hapa pataangamizwa kwa sababu watu wamemwacha Mungu. Ndipo akamgeukia mfalme kwa maneno ya upole: kwa kuwa moyo wake umelainika, naye amelia, atakusanywa kwa baba zake kwa amani, na macho yake hayatayaona mabaya hayo. Wasomaji wengine watatukumbusha kwamba Yosia aliuawa Megido na Farao Neko, mwaka 609 kabla ya Kristo. Ni kweli, na amani hiyo imewapa wafafanuzi kazi kubwa. Sisi twaielewa kwa maneno yanayoifuata: hakuyaona maangamizi ya Yerusalemu, yaliyokuja zaidi ya miaka 20 baada ya kufa kwake.

Basi Yosia akakusanya watu wote, wadogo kwa wakubwa, akawasomea kitabu, akafanya agano. Sanamu zikavunjwa, Pasaka ikaadhimishwa kama isivyopata kuadhimishwa tangu siku za Waamuzi. Mtu angedhani mambo yamekwisha kutengenea.

Hayakutengenea. Yosia alipokufa wanawe walirudia maovu ya mababu. Mmoja wao, Yehoyakimu, alisomewa chuo cha nabii Yeremia, kama isimuliwavyo katika sura ya 36 ya Kitabu cha Yeremia. Ilikuwa wakati wa baridi, na moto ulikuwa ukiwaka mbele yake. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu, akazitupa motoni, hata chuo chote kikateketea. Mwandishi mtakatifu hakukosa kueleza kwamba hawakuogopa, wala hawakurarua mavazi yao. Haikuwa imepita miaka 20 tangu baba yake alipoyararua ya kwake.

Hapa ndipo moyo wa mzazi unaposhtuka. Yosia hakuwa mfalme baya. Maandiko yamsifu kuliko wote. Alivunja madhabahu za nchi nzima. Na mwanawe akalichoma Neno.

Lakini tusome na majina mengine ya sura hiyohiyo. Ni nani waliomsihi mfalme asikichome chuo? Yumo Gemaria, mwana wa Shafani mwandishi. Yumo Elnathani, mwana wa Akbori. Na aliyepeleka kwanza habari za chuo hicho kwa wakuu alikuwa Mikaya, mwana wa Gemaria, yaani mjukuu wa Shafani. Tena sura ya 26 yasema kwamba Ahikamu, mwana wa Shafani, ndiye aliyemlinda Yeremia asiuawe. Shafani, Akbori, Ahikamu: je, si majina ya watu walioingia nyumbani kwa Hulda? Maandiko hayatuelezi jinsi walivyowalea watoto wao, nasi hatutaki kuyasemesha yasiyoyasema. Twaona tu kwamba mfalme aliletewa maneno ya Hulda na wajumbe, bali watu hawa waliyasikia kinywani mwake. Na katika nyumba ya Shafani kicho cha Neno kilifika hata kwa mjukuu, wakati katika jumba la mfalme hakikufika hata kwa mwana. Amri ya mfalme iliweza kuvunja mawe. Kazi nyingine haikuwa ya amri. Kitabu chenyewe cha Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 6, chawaagiza wazazi wawafundishe watoto maneno ya Mungu kwa bidii, wakiketi nyumbani na wakitembea njiani, wakilala na wakiamka.

Miaka zaidi ya 600 baadaye twaikuta kazi hiyo ikitendwa bila mfalme wala askari, katika mji wa Listra, nchi iitwayo leo Uturuki. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo Barua ya Pili, amkumbusha imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi, kisha ndani ya mama yake Eunike. Katika Agano Jipya lote neno la Kiyunani lenye maana ya bibi latumika mara hii moja tu. Matendo ya Mitume yatuambia kwamba baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na kwamba kijana hakuwa ametahiriwa. Kwa hiyo nyumba ile haikuwa na umoja wa dini kama ambavyo pengine Loisi angependa. Hata hivyo Timotheo aliyajua Maandiko Matakatifu tangu utoto. Wako mama wengi wasomao ukurasa huu ambao waume zao si wa imani yao, au ni Wakatoliki wa siku ya arusi na siku ya mazishi. Wasidhani kwamba kwao mlango umefungwa. Eunike alikuwa mwenzao, na mwanawe akawa mchungaji wa Kanisa la Efeso.

Wala akina baba wasifurahi kwa kusikia hivi, kana kwamba mzigo umeondolewa mabegani mwao. Juu ya baba wa Timotheo hatuna neno jingine ila kabila lake. Ni urithi mdogo mno kuachiwa mtoto.

Mtu atauliza: mbona hatujapata kumsikia Hulda kanisani? Sababu iko, na ni vema ijulikane. Masomo ya Misa za siku za juma hayawezi kusoma Biblia yote, hivyo hukatwa hapa na pale. Jumatano ya Juma la 12 la Mwaka, katika mzunguko wa pili, twasoma jinsi kitabu kilivyoonekana Hekaluni, mpaka aya ya 13. Kisha twarukia sura ya 23, mfalme akifanya agano. Hulda yumo katika aya ya 14 hadi 20, zilizoachwa. Loisi na Eunike nao huachwa Jumatano ya Juma la 9, lakini hupatikana katika somo la tarehe 26 Januari, sikukuu ya Watakatifu Timotheo na Tito. Hatusemi haya kuwashitaki waliopanga masomo, ingawa twakiri kwamba katika aya hizo saba tungependa kuona mkono wao ukiwa mwepesi zaidi. Twasema ili ijulikane kwamba mtu atumiaye masikio tu, hata akihudhuria Misa kila siku, atakosa kukutana na mama hawa. Hawana budi kutafutwa nyumbani, Kitabu kikiwa wazi magotini.

Tangu maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipoazimia katika mkutano wao wa 1976 kuzijenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, tumepata nyumba nyingi ambamo Neno husomwa kila juma. Twamshukuru Mungu. Lakini tutazame ni nani aelezaye somo. Mara nyingi wengi waliohudhuria ni akina mama. Wao ndio waliofagia ua, wakatandika mikeka, wakaanzisha wimbo. Lifikapo fafanuzi, macho yote humwelekea mwanamume mmoja aliyefika amechelewa. Bibi aliyeisoma Injili miaka 50 huombwa kufunga kwa sala. Papa Fransisko, tarehe 10 Mei 2021, aliweka rasmi huduma ya Katekista kwa walei, wanaume kwa wanawake; haifai basi jumuiya ya mtaani iwe na mlango mwembamba kuliko Roma.

Na mama asemaye, "Mimi mwenyewe sijui, nitamfundisha nani?" amsome Priska katika sura ya 18 ya Matendo ya Mitume. Yeye na mumewe Akila walikuwa mafundi wa mahema, waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Huko Efeso walimsikia Apolo wa Aleksandria, msemaji hodari mwenye elimu ya Maandiko, lakini aliyeujua ubatizo wa Yohane tu. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Katika habari hiyo jina la Priska hutangulia la mumewe. Naye hakuyajua hayo kwa kuzaliwa. Paulo mwenyewe alikuwa amekaa nyumbani mwao Korintho, wakishona mahema pamoja, na bila shaka sindano haikuwazuia kuuliza maswali.

Twawasihi basi jamaa zote za Kikristo: Jumapili hii, baada ya chakula cha jioni, Biblia itolewe sandukuni. Isomwe sura ya 22 ya Kitabu cha Pili cha Wafalme. Ina aya 20 tu. Asome mtoto aliye shuleni, pole pole, ili bibi asikie. Akiisha kusoma, baba asiharakishe kueleza. Amwulize bibi kwanza, kisha mama, ni neno gani limewagusa. Mtoto akiuliza swali lisilo na jibu pale nyumbani, liandikwe kwenye karatasi, na baba mwenyewe alipeleke kwa katekista au kwa Padre, akarudi na jibu kabla ya Jumapili ya pili. Kitambaa cheupe kinaweza kutumika kufunikia mkate.