Fumbo la Dau: Lugha ya Wazabuni katika Minada ya Masafa

1.0 Utangulizi

Neno mnada linapotajwa, wengi wetu hukumbuka mambo mawili. La kwanza ni soko la mifugo, mnunuzi mmoja akitaja bei na mwenzake akiipandisha. La pili ni dalali anayebisha hodi na amri ya mahakama mkononi, tayari kubeba vyombo vya mdaiwa. Katika hali zote mbili sauti ndiyo nguzo ya shughuli. Si ajabu, basi, kwamba neno lenyewe linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuita, na kwamba Kiswahili kina kitenzi nadi, yaani kutangaza bidhaa hadharani ili iuzwe. Mnada, tangu asili yake, ni tukio la lugha.

Makala haya yanachunguza mnada wa aina nyingine: ule ambao serikali hunadi masafa ya mawasiliano kwa kampuni za simu. Hapo hakuna apazaye sauti. Wazabuni hukaa katika ofisi zao na kuingiza tarakimu kwenye tarakilishi. Hoja yetu ni kwamba hata hapo lugha haikutoweka, bali imejificha ndani ya tarakimu. Dau ni kauli, na wakati mwingine dau ni fumbo. Kwa kuwa kinachonadiwa ni mali ya umma, fumbo hilo lisipofumbuliwa anayepata hasara ni umma wenyewe.

Huenda msomaji akauliza, mwanafunzi wa fasihi ana lipi na masafa? Jibu letu ni kwamba yeyote aliyefunzwa kutafuta maana ya ndani katika shairi ana ujuzi unaohitajika katika maisha ya taifa. Ujuzi huo usiishie kwenye karatasi ya mtihani.

2.0 Kinachonadiwa ni Nini?

Neno masafa humaanisha umbali kati ya mahali na mahali. Wasikilizaji wa redio walilizoea katika matamshi kama vile masafa mafupi na masafa ya kati. Leo hutumika pia kurejelea idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi. Simu ya mkononi huwasiliana na mnara kwa mawimbi yaliyo katika masafa maalumu. Kampuni mbili zikitumia masafa yaleyale mahali pamoja, mawimbi huingiliana na mazungumzo kuharibika. Hivyo ni lazima awepo mgawaji, na karibu kila mahali mgawaji huyo ni dola.

Ni muhimu kusisitiza kwamba serikali haiuzi hewa, ingawa msemo huo husikika mara kwa mara. Kinachotolewa ni haki ya kutumia masafa fulani, katika eneo fulani, kwa muda fulani. Leseni za kizazi cha tatu zilizonadiwa Uingereza mwaka 2000, kwa mfano, zilipangiwa kwisha mwaka 2021. Kwa hiyo ni karibu zaidi na kukodisha shamba kuliko kuliuza.

Kwa miaka mingi Marekani iligawa haki hizi bila mnada. Kwanza waombaji walisikilizwa na kulinganishwa, na baadaye, katika miaka ya 1980, leseni za simu zilitolewa hata kwa bahati nasibu. Mwaka 1959 mwanauchumi Ronald Coase alikuwa ameandika makala akipendekeza kwamba haki za masafa ziuzwe kwa anayezithamini zaidi. Wazo hilo lilichukua zaidi ya miaka 30 kukubalika. Bunge la nchi hiyo liliidhinisha minada mwaka 1993, na mnada wa kwanza ukafanyika Julai 1994 chini ya tume ya mawasiliano, FCC.

Katika mtindo uliobuniwa wakati huo, leseni nyingi hunadiwa kwa pamoja, raundi baada ya raundi, hadi itokee raundi ambayo hakuna dau jipya. Miongoni mwa wabunifu wake walikuwa Paul Milgrom na Robert Wilson, waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2020. Katika mtindo huo kila mzabuni aliweza kuona madau ya wenzake baada ya kila raundi. Kwa maneno mengine, wabunifu waliunda jukwaa la mazungumzo, na penye jukwaa hapakosi wasemaji.

3.0 Dau kama Kauli

Wanafunzi wa pragmatiki wanafahamu nadharia ya vitendo-usemi iliyoasisiwa na J. L. Austin. Kwa mujibu wake, kusema si kueleza tu, bali pia ni kutenda. Anayesema "naahidi" huwa ametoa ahadi. Vivyo hivyo, anayetaja dau hasemi tu kwamba kitu kina thamani kiasi fulani, bali amejifunga kulipa. Hii ndiyo maana ya juu ya dau. Hata hivyo, mifano miwili ifuatayo inaonyesha kwamba dau laweza kubeba maana nyingine.

Mfano wa kwanza ni wa Ujerumani, mwaka 1999. Mafungu 10 ya masafa ya simu yalinadiwa, na washindani wenye nguvu walikuwa wawili: Mannesmann na T-Mobile. Kanuni ilitaka kila dau jipya lilizidi la awali kwa angalau asilimia 10. Katika raundi ya kwanza Mannesmann iliweka maki milioni 18.18 kwa kila megahezi katika mafungu matano ya mwanzo, na maki milioni 20 katika matano ya mwisho. Kwa nini 18.18? Msomaji akiongeza asilimia 10 juu ya 18.18 atapata takribani 20. Ujumbe ukawa wazi kwa aliyetaka kuupata: chukueni matano hayo kwa 20, mtuachie haya kwa 20. T-Mobile ilifanya hivyo hasa, na mnada ukafungwa baada ya raundi mbili tu. Meneja mmoja wa T-Mobile alieleza baadaye kwamba hapakuwa na mapatano yoyote, ila walikuwa wameielewa ishara.

Mfano wa pili ni wa Marekani, katika mnada wa mwaka 1996 hadi 1997. Kila eneo lililonadiwa lilikuwa na nambari yake, na eneo la Rochester, Minnesota, lilikuwa nambari 378. Kampuni za US West na McLeod ziling'ang'ania eneo hilo raundi baada ya raundi. Ghafla US West ikaweka dau la dola 313,378 katika eneo moja la jimbo la Iowa, na dola 62,378 katika jingine. Hayo yalikuwa maeneo ambayo McLeod ilikuwa ikiongoza na ambayo US West haikuwa imeonyesha kuyahitaji. Tarakimu tatu za mwisho zilisema yaliyobaki: mnaadhibiwa kwa sababu ya 378. McLeod iliacha kuishindania Rochester.

Tukiitazama mifano hii kwa jicho la fasihi, tunaona sifa tatu za fumbo. Kwanza, kuna maana ya juu na maana ya ndani. Pili, kuna hadhira mbili: serikali inayosoma bei, na mshindani anayesoma ujumbe. Tatu, msemaji anaweza kukana. Sifa hii ya tatu inajulikana vyema na yeyote aliyekulia Pwani. Mwanamke hujifunga leso yenye jina kali na kupita mbele ya jirani yake. Jirani akilalamika, jibu ni jepesi: "Mimi nimejifunga leso yangu tu." Ndivyo na kampuni ilivyoweza kujitetea kwamba ilitaja bei yake tu.

Tofauti iko kwenye gharama. Fumbo la leso huumiza moyo wa mtu mmoja. Fumbo la dau hupunguza ushindani, na kwa hivyo hupunguza kile ambacho hazina ya taifa ingepata kwa mali yake.

4.0 Kanuni kama Sarufi

Ikiwa dau ni kauli, basi kanuni za mnada ni sarufi: huamua kipi kinaweza kusemwa, na nani, na lini. Wasimamizi walipotambua hivyo, waliirekebisha sarufi. FCC iliacha kuwaruhusu wazabuni kujiandikia kiasi wapendacho na ikawataka wachague kutoka kwenye orodha ya viwango vilivyopangwa. Kwa kufanya hivyo iliziba nafasi ya kupachika tarakimu zenye siri. Baadaye, katika minada mingi, majina ya wazabuni pia yalifichwa hadi mwisho. Asiyejua anazungumza na nani hawezi kumtisha.

Hata hivyo, sarufi peke yake haitoshi, kwani idadi ya wazungumzaji nayo ina uzito. Uingereza ilinadi leseni tano za kizazi cha tatu kuanzia tarehe 6 Machi hadi 27 Aprili 2000. Kampuni kubwa zilizokuwa nchini zilikuwa nne, na leseni moja ilitengewa mgeni pekee. Wageni walipata matumaini, na wazabuni wakafika 13. Mnada ulikwenda raundi 150 na kuingizia serikali takribani pauni bilioni 22.5.

Miezi michache baadaye Uholanzi nayo ilinadi leseni tano, lakini kampuni zilizokuwako zilikuwa tano pia. Mgeni mmoja tu, Versatel, alibaki kuzishindania. Mshindani wake Telfort alimwandikia barua ya kutishia kumdai fidia iwapo angeendelea. Hili halikuwa fumbo tena, bali tamko la wazi. Versatel ilijiondoa, na Uholanzi ikapata chini ya yuro bilioni 3. Nchini Uswisi, mwishoni mwa mwaka huohuo, wazabuni waliobaki walikuwa wanne kwa leseni nne, na zote zikauzwa kwa karibu kima cha chini kilichowekwa na serikali. Penye watu wengi siri ni ngumu kutunza, na penye wachache hata siri haihitajiki.

5.0 Je, Bora Kusiwe na Mnada?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wapo wanaodai kwamba mnada huzitwisha kampuni madeni na kuchelewesha huduma. Ni kweli kwamba baada ya minada ya mwaka 2000 kampuni kadhaa za Ulaya zilielemewa na madeni. Wanauchumi huita hali ya kushinda kwa kutaja bei iliyozidi thamani ya kitu laana ya mshindi. Wahenga walikuwa wamekwisha kusema: tamaa mbele, mauti nyuma.

Lakini kuukimbia mnada si kulikimbia fumbo. Mwaka 2008 India iligawa leseni pamoja na masafa kwa kanuni ya anayetangulia kufika ndiye anayepewa, kwa bei iliyokuwa imepangwa mwaka 2001. Alasiri ya tarehe 10 Januari waombaji walitangaziwa ghafla watimize masharti katika muda wa saa chache tu. Waliokuwa tayari na hati za malipo walitangulia. Mnamo Februari 2012 Mahakama ya Juu ya India ilifuta leseni 122 zilizotokana na utaratibu huo na kuagiza masafa yanadiwe. Ni kweli pia kwamba mahakama maalumu iliwaachilia washtakiwa wa kesi ya jinai mwaka 2017 kwa kukosekana kwa ushahidi wa kutosha, ila leseni hazikurudishwa. Neno kutangulia, ambalo kwa wengi lilionekana wazi, lilikuwa na maana ya ndani kwa wachache.

Katika kanda yetu njia zote zimetumika. Leseni ya KenCell nchini Kenya mwaka 2000 ilipatikana kwa zabuni, na leseni ya kizazi cha tatu ya Safaricom mwaka 2007 ilitolewa kwa ada ya dola milioni 25 bila mnada. Tanzania, kupitia mamlaka yake ya mawasiliano, TCRA, ilinadi masafa ya megahezi 700 mwaka 2018. Hatusemi kwamba njia moja inafaa kila mahali. Tunachosema ni kwamba kila njia ina lugha yake, na mwananchi anastahili kuielewa.

6.0 Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara ya 34 nayo inataja udhibiti wa mawimbi ya utangazaji. Maadamu sheria kuu imeyagusa mambo haya, hatuna udhuru wa kuyaacha yajadiliwe kwa Kiingereza pekee.

Kazi ya kwanza ni kutenga maana za istilahi tulizo nazo. Zabuni hapo kale ilikuwa kutaja bei mnadani, lakini siku hizi kwa wengi ni ombi la kazi au leseni linalowasilishwa kwa maandishi katika bahasha iliyofungwa. Mnada ubaki kuwa ushindani wa wazi wa kupandiana bei. Dau liwe kiasi anachojifunga nacho mzabuni, na kima cha chini kiwe bei ambayo serikali haitauza chini yake. Tofauti hizi zisipozingatiwa, gazeti litaandika mnada palipokuwa na zabuni, na msomaji ataamini kuwa palikuwa na ushindani wa wazi ilhali haukuwapo.

Kazi ya pili ni kuuliza maswali ya mhakiki kila masafa ya umma yanapogawiwa. Ni nani anayezungumza? Hadhira yake ni nani? Ni nani aliyenyamaza, na kwa nini? Mbona ni 18.18, si 18?

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mnada wa masafa ni mazungumzo yenye maana ya juu na ya ndani, na kwamba kanuni zake huamua iwapo umma utaambulia haki au patupu. Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kampuni zimekwisha kuajiri werevu wao. Swali tunalowaachia wanafunzi wenzetu, pamoja na wahadhiri wetu, ni hili: umma utawaajiri werevu gani, na watauelezea fumbo hilo kwa lugha gani?