Hofu ya Ghafla Inapomkamata Mwenzako

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Ndanai. Amepanda matatu kwenda Sotik kununua sare za shule. Katikati ya njia moyo unaanza kumdunda kama ngoma, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, jasho linamtoka, pumzi hapati. Ana hakika anakufa. Abiria wanamfikisha hospitali ya misheni ya Kaplong. Daktari anampima presha, damu na mapigo ya moyo, kisha anamwambia moyo wake ni mzima. Jioni mume anauliza, "Kumbe ulikuwa huumwi?"

Swali hilo limeumiza ndoa nyingi. Mama huyu aliumwa kweli. Kilichompata huitwa shambulio la hofu. Mwili unajiandaa kukimbia au kupigana kana kwamba chui yuko mlangoni, na chui hayupo. Moyo unaongeza mbio ili damu ifike miguuni. Mgonjwa anapumua upesi mno, hewa ya kabonidioksidi inapungua kupita kiasi katika damu, na hapo ndipo ganzi ya vidole na kizunguzungu hutokea. Mara nyingi shambulio hufika kilele katika dakika 10 hivi, kisha hupungua lenyewe. Lenyewe haliui. Wala si uchawi, wala laana ya ukoo, wala dalili ya imani haba. Mwombeeni mgonjwa, lakini msimtangaze kuwa ana pepo.

Hata hivyo, mara ya kwanza msijiamulie nyumbani. Maumivu ya kifua yanaweza kuwa ya moyo kweli, na pumu, upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingo huleta dalili za kufanana. Nendeni mkapimwe.

Mkishajua ni hofu, kaa na mwenzako inapomjia. Sema kwa sauti ya chini, maneno machache: "Niko hapa. Imekuja, itapita." Pumueni pamoja, vuteni pumzi kwa pua mkihesabu hadi 4, itoeni polepole mkihesabu hadi 6. Usimzibe mdomo kwa mfuko wa karatasi kama watu walivyofundishwa zamani, maana ikiwa shida ni pumu au moyo utamdhuru. Na usiite majirani wote waje kutazama.

Dakika hizo hupita. Kinacholemea ndoa ni miezi inayofuata. Mama sasa anaogopa matatu. Mume mwema anasema, "Basi mama watoto, sokoni nitakwenda mimi." Baadaye mama anaacha kwenda chama, kisha matanga, kisha Misa ya Jumapili kwa sababu kanisa hujaa watu, na kila mara mume anamwombea radhi. Watu wanamsifu mume kwa upole wake. Lakini kila mahali mgonjwa anapopaepuka, hofu inapata shamba jipya, kwa kuwa mwili haukupewa nafasi ya kujifunza kwamba mahali pale palikuwa salama. Nasema waziwazi: heri mume anayepanda matatu pamoja na mkewe kuliko yule anayekwenda badala yake.

Anzeni na kituo kimoja tu. Hofu ikija ndani ya gari, msikimbilie kushuka. Ngojeni ipungue mkiwa mmekaa. Rudieni safari hiyo hiyo hadi aizoee, kisha ongezeni kituo cha pili. Baadaye mume akae kiti cha nyuma, na siku moja abaki nyumbani. Washauri wa afya ya akili hutumia njia hii hii, na imewasaidia wengi. Daktari akiandika dawa ya kila siku, fahamuni kwamba huchukua majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi. Msiiache siku ya tano. Vidonge vya kutuliza kama Valium msinunue ovyo dukani, kwani mwili huvizoea ukavidai.

Na chai, jamani. Sisi tunaoishi na majani chai hatupendi kuambiwa, lakini chai kali na kahawa huongeza mbio za moyo, na mwenye hofu hudhani shambulio limeanza. Apunguze. Chang'aa ni mbaya zaidi: hutuliza kwa saa chache, na alfajiri hofu hurudi na nguvu mpya.

Hili la chang'aa linawahusu akina baba hasa, kwa maana hofu huwakamata nao, wakasema ni presha tu. Mama, ukimwona mzee wako ameshika kifua usiku na hataki kusema, usimcheke, wala usiipeleke habari yake chamani. Mwambie mtakwenda wote wawili, iwe zahanati ya karibu au hospitali ya rufaa ya Longisa. Chukueni daftari la shule, mwandike shambulio lilikuja siku gani, mahali gani, lilichukua dakika ngapi, na alikuwa amekunywa nini. Daktari atauliza hayo kabla ya mengine.