Pesa Yako Iko Kwenye Laini: Kijitabu kwa Watumiaji wa Pesa za Simu

Kabla ya 2008, kijana anayefanya kazi Dar es Salaam akitaka kumtumia mama yake hela Songea alikwenda posta, akamsubiri ndugu anayesafiri, au akamkabidhi kondakta wa basi bahasha na kumwomba Mungu ifike. Mwaka huo M-Pesa, iliyokuwa imeanza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania. Zikafuata Tigo Pesa, Airtel Money na nyingine, na kuanzia 2014 kampuni zikaanza kukubaliana kwamba mteja wa mtandao mmoja amtumie wa mwingine moja kwa moja. Leo ada ya shule, luku, mchango wa harusi na rambirambi hupita kwenye simu. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, malalamiko yalisikika nchi nzima hadi ikapunguzwa Septemba mwaka huohuo. Ilikuwa imegusa kila nyumba.

Hakuna anayetamani kurudi kwenye bahasha. Lakini kondakta ulimjua kwa sura na basi lake ulilijua. Anayekuibia sasa huenda hutamwona maisha yako yote.

Tapeli anahitaji mkono wako

Pesa haikai ndani ya simu. Iko kwenye akaunti yako kwa kampuni ya simu, imefungwa kwa laini yako na kufunguliwa kwa namba ya siri. Ndiyo maana tapeli hahangaiki kuvunja mitambo. Anatafuta namna ya kukufanya ubonyeze mwenyewe, na ubonyeze haraka.

Ujumbe unaojulikana zaidi ni ule wa “ile hela itume kwenye namba hii”, pamoja na jina litakalotokea. Utazame vizuri. Hausemi hela gani, kwa kuwa unatumwa kwa watu wengi kwa mpigo, na miongoni mwao hakosekani mtu ambaye kweli anadaiwa kodi au aliahidi kumtumia fundi. Jina nalo limewekwa kwa makusudi. Kabla hujaweka namba ya siri, menyu hukuonyesha jina la mpokeaji ili ujiridhishe. Tapeli amekuandaa mapema ulione jina la mgeni na usishtuke. Kinga yako ameigeuza kuwa chambo.

Wengine hupiga wakidai wametuma hela kwako kwa makosa, na ujumbe unaofanana na wa kampuni unaingia kweli. Usiurudishe muamala mwenyewe. Fungua menyu uangalie salio, kisha mwambie apige 100, kampuni ishughulikie. Na anayejitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja huku akitumia namba ya kawaida, kata simu. Namba ya huduma kwa wateja ni 100, na hakuna mhudumu wa kweli atakayekuuliza namba ya siri.

Simu inayoumiza kuliko zote ni ya mtu anayejiita mwalimu, akisema mtoto ameanguka, yuko hospitali, tuma hela ya dawa sasa hivi. Mzazi gani atatulia? Hapa hatuna dawa nyingine ila kujiandaa kabla: namba ya mwalimu wa darasa iwe kwenye simu ya baba, ya mama na ya bibi, na ipigwe kwanza. Vivyo hivyo rafiki akiomba mkopo kwa WhatsApp. Mpigie usikie sauti yake, maana akaunti hutekwa kwa tarakimu sita tu za uthibitisho ambazo mwenyewe alizitaja kwa asiyemjua.

Laini usizozijua

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 2019. Kuna wasajili wasio waaminifu wanaomwambia mteja kidole hakijasoma, aweke tena, kumbe kidole cha pili kinasajili laini nyingine kwa kitambulisho chake. Laini hiyo ikitumika kutapeli, polisi watamtafuta yeye. Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la kampuni husika uikane.

Mikopo ya kausha damu

Mkopo wa simu unaweza kumwokoa mama ntilie aliyekosa mtaji wa kesho. Kuna programu, hata hivyo, ambazo hukuomba ruhusa ya kusoma namba ulizohifadhi, na ukichelewa kulipa, shemeji yako, bosi wako na mchungaji wako wanatumiwa ujumbe kwamba u mdaiwa sugu. Huo ni udhalilishaji, na hakuna deni linalouhalalisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya kukopa uliza kama mkopeshaji ana leseni, na programu inayotaka orodha ya namba zako usiipe.

Ukishatapeliwa

Dakika za mwanzo ndizo muhimu. Piga 100 papo hapo uombe muamala uzuiwe, kwa kuwa hela ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Usifute ujumbe wowote. Ule wa tapeli utume kwenda 15040, ufuate maelekezo ya kuweka namba ya tapeli. Kisha nenda polisi ukiwa na kumbukumbu namba ya muamala; udanganyifu wa kimtandao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Halafu waambie wa nyumbani, siku hiyohiyo. Wengi hunyamaza kwa aibu, na matapeli wanaitegemea aibu hiyo. Wametapeliwa walimu, wauguzi, hata wahasibu. Mzee akikuambia ametuma akiba yake kwa mtu asiyemjua, usimgombeze. Chukua simu yake mpige 100 pamoja.