Kabla ya Kusema Naye, Mungu Alimpa Eliya Mkate



Kwaresima ya mwaka jana nilienda kuungama na orodha ndefu: hasira kwa mdogo wangu, uvivu wa kusali, kusinzia kwenye Misa, kulia bila sababu. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, huwa unalala saa ngapi?"

Saa 8 usiku, Padre. Wakati mwingine saa 9. Ni simu tu. Na saa 11 alfajiri naamka kuwahi daladala.

Malipizi yangu yakawa kusoma 1 Wafalme sura ya 19, taratibu. Akaongeza, "Halafu ukalale."

Nawe kaisome. Eliya amekimbilia jangwani, amechoka, anaomba afe. Mungu hakumkemea wala kumhubiria. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate na maji. Akala, akalala tena! Akaamshwa mara ya pili, akala, ndipo akatembea siku 40 hadi Mlima Horebu. Mazungumzo yake na Mungu yalikuja huko, baadaye. Mimi nilitaka kufika Horebu kwa masaa 3 ya usingizi, halafu namlaumu shetani. Mtu mzima anahitaji angalau 7.

Nilichobadilisha ni vitu vidogo mpaka naona aibu kuviandika. Kuanzia saa 4 usiku simu inachajiwa sebuleni. Nilinunua saa ya mezani, maana kisingizio changu kilikuwa alamu. (Mtakatifu Carlo Acutis, mtoto wa kompyuta kweli kweli, alijiwekea saa moja tu ya gemu kwa wiki. Mimi bado sijafika huko.) Chai ya rangi naiacha alasiri, kwa sababu kafeini hukaa mwilini kwa masaa mengi. Na jioni nashuka daladala kabla ya kituo changu, natembea haraka haraka dakika 25 nikisali Rozari kwa vidole. Siku 6 kwa wiki zinafanya dakika 150, kile kiwango cha chini cha mazoezi kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani. Gharama yake ni viatu tu.

Baada ya kama mwezi hivi, mdogo wangu ndiye aliyeniambia nimeacha kufoka. Mwenyewe sikuwa nimegundua.

Lakini tusidanganyane. Kama huzuni inakukalia wiki mbili na zaidi, huli, hulali, au unawaza kufa kama Eliya, usingoje tabia ndogo ndogo zifanye kazi. Mwambie mtu leo, na uende hospitali. Si upungufu wa imani. Mwenzetu mmoja wa kwaya alitibiwa hivyo, na Jumapili yuko palepale, anaimba besi.

Wewe anza na kimoja tu, usiku huu. Mimi wiki iliyopita simu ilirudi kitandani mara mbili. Jana imelala sebuleni.