Somo la Ijumaa: Fatiha yako, nani ameisikiliza?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Baada ya hayo.

Leo tuhesabu kidogo. Swala za faradhi kwa siku zina rakaa 17: Alfajiri mbili, Adhuhuri nne, Alasiri nne, Magharibi tatu, Isha nne. Katika kila rakaa unasoma Al-Fatiha. Mwaka wetu wa mwezi una siku 354, basi kwa mwaka mmoja unaisoma mara 6018, bila kutia sunna. Mzee aliyeanza kuswali akiwa na miaka 15, naye leo ana 50, amekwisha kuisoma zaidi ya mara 200 000. Hakuna fundi cherehani hapa mjini aliyeshona nguo 200 000, wala fundi wa pikipiki aliyefungua injini 200 000.

Kwa hesabu hiyo kila mzee wetu angekuwa bingwa wa Fatiha. Lakini simama safuni, usikilize pembeni yako. Utasikia «alihamudu», utasikia «lazina», utasikia «anamuta». Sisemi haya kwa kumcheka mtu. Nasema ili tujue kwamba kurudia peke yake si kujizoeza. Mwenye kurudia kosa mara 200 000 bila kusahihishwa amelijua kosa lile vizuri sana, na ulimi wake unalipenda. Kilichokosekana si wingi. Kimekosekana sikio la mtu mwingine.

Sasa tutazame upande wa pili, upande wa vijana. Kijana wa leo anayo simu, na simu imejaa darsa. Asubuhi anasikiliza mawaidha ya Mombasa, mchana ya Dar es Salaam, usiku ya shehe wa Saudia yenye tafsiri. Mega zikikwisha ananunua zingine. Ukikaa naye atakuambia hukumu ya benki, alama za Kiyama na hitilafu za maulamaa. Mwambie: «Mwanangu, nisomee Fatiha.» Ataisoma mbio kama mtu anayekimbia mvua, na makosa ni yale yale ya babu yake.

Katika kartie moja kijana alimsimamisha mzee aliyekuwa ametuswalisha Magharibi. Alimwambia kwamba amekosea, amevuta «Maaliki» wakati shehe wa Moroko katika simu anasoma kwa kifupi, «Maliki». Sauti zikapanda. Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa salama: kuvuta ni kisomo cha Hafs alichokipokea kwa Asim, ndicho chetu huku, na kufupisha ni kisomo cha Warsh alichokipokea kwa Nafi, ndicho cha watu wa Moroko. Yule kijana alisikia jambo la kweli, lakini halikuwa na pa kukaa, maana msingi haukuwapo. Ikawa sababu ya kumvunjia heshima mtu mzima mbele ya watoto wake.

Ndugu msomaji, wale waliotutangulia hawakusoma hivyo. Abu Abdurrahman as-Sulami, ambaye kisomo chetu cha Hafs kimepitia kwake, ameeleza jinsi maswahaba waliomsomesha, kama Uthman bin Affan na Abdullah bin Mas'ud, walivyojifunza kwa Mtume (s.a.w.). Walichukua aya kumi. Hawakuzivuka mpaka wajue maana yake na wazitumie. Na Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar alikaa miaka minane juu ya Suratul-Baqara peke yake. Miaka minane, sura moja! Bin Umar hakuwa na akili nzito. Leo tungemwambia amechelewa, wenzake wamekwisha kuhitimu.

Chuo cha zamani kilifuata njia hiyo hiyo, na kilikuwa na ubao. Vijana wengi hawajaushika. Mwalimu anakuandikia kwa wino wa masizi aya chache tu, kwa sababu ubao hauna nafasi ya nyingi. Unasoma, unarudia, unakwenda mbele ya mwalimu. Ukikosea unarudishwa. Ukinyoosha, ndipo unaruhusiwa kuosha ubao na kuandika mengine. Ule udogo wa ubao ulikuwa mwalimu wa pili. Simu haina ukomo huo: somo jipya linaingia kabla la jana halijasomwa, wala hakuna anayeuliza.

Tena kumbukeni yule mtu aliyeingia msikitini Madina akaswali upesi, kisha akaja kumsalimia Mtume (s.a.w.). Mtume alimrudisha akaswali tena, kwa kuwa alikuwa bado hajaswali. Alirudishwa mara tatu. Mwishowe yule mtu alikiri kwamba hajui zaidi ya hapo, akaomba afundishwe. Ndipo akafundishwa, kitendo kwa kitendo, kila kiungo kitulie mahali pake. Hakupewa hotuba ndefu juu ya fadhila za swala. Alipewa kazi, akaonyeshwa.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Sisi wa Kongo tuna kinywa chetu. Tunasema «zambi» na «zahabu», pale ambapo watu wa pwani wanasema dhambi na dhahabu. Kwa sokoni hakuna neno, Kiswahili chetu ni kizuri. Lakini kinywa hicho hicho kikifika kwenye «alladhina» kinatoa «allazina», na hiyo ni herufi nyingine. Dawa yake ni rahisi: ncha ya ulimi itoke kidogo kati ya meno. Ukijitazama kwenye kioo uuone ulimi. Juma moja la kuangalia herufi hiyo tu linatosha kwa walio wengi.

Halafu tunapenda kutia vokali kila mahali, kama tunavyosema «mutu» na «muzuri». Ndiyo maana «al-hamdu» inakuwa «alihamudu». Hapo lam inyamaze, na mim inyamaze, midomo ifungwe.

Iliyo ngumu ni ha ya al-hamdu (ح). Inatoka katikati ya koo. Koo linabanwa kidogo, pumzi inapita kwa mkwaruzo mwembamba, bila sauti. Ikikoroma imepanda juu, imekuwa kha. Ikitoka nyepesi kama unavyosema «hewa», imeshuka chini, imekuwa ha ile nyingine (ه). Jirani yake ni 'ayn (ع), mahali ni pale pale ila yeye ana sauti. Ukimpata mmoja, wa pili hayuko mbali. Hapo ndipo «an'amta» inapopona, maana 'ayn yake inatakiwa kutulia bila vokali, na ta ya mwisho inatakiwa kubaki «ta». Ukisema «tu», umegeuza maneno: badala ya kumwambia Mola kwamba Yeye ameneemesha, umesema umeneemesha wewe. «Iyyaka» nayo ina shadda, usiitupe. Wanazuoni wa Kishafii wamehesabu shadda 14 katika Fatiha pamoja na Bismillahi yake, na kila moja ni haki ya sura. Dhad ya «dhallin» iache iwe ya mwisho. Hiyo ni ubavu wa ulimi na magego ya juu, na hata Waarabu inawasumbua.

Jambo hili si urembo. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii, Fatiha ni nguzo ya swala. Mwenye uwezo wa kujifunza akaacha kwa uvivu, swala yake iko hatarini, na mwenye kugeuza herufi zake asitangulie kuswalisha mwenye kuinyoosha. Aliyejitahidi akashindwa ana udhuru wake. Mzee aliyepoteza meno ya mbele hatumdai dhal ya Misri.

Jinsi ya kufanya nyumbani: chukua dakika kumi baada ya Alfajiri, neno moja tu. Usianze kila mara mwanzo wa sura. Hapa wengi wanapotea, hata mahafidhi: mtu anaanza Ya-Sin mwanzo kila siku, akichoka anaacha, basi ukurasa wa kwanza unang'aa na wa mwisho umeota nyasi. Anzia pale panapokwama. Soma polepole mara ishirini, kisha liunganishe neno hilo na la kabla yake na la baada yake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi na Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Na simu? Siitupi. Chagua msomaji mmoja, si ishirini. Mimi nawapa watu Shehe Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyerekodi Kurani nzima mwaka 1961, kwa sababu anasoma wazi na hana haraka. Sikiliza aya moja, kisha jirekodi, kisha ujisikilize. Utashangaa. Lakini simu haitakuambia ulimi wako umekaa wapi. Hilo linataka mtu aliye mbele yako, anayetazama kinywa chako.

Najua kinachowazuia akina baba: haya. Mtoto wako wa chuo anasoma vizuri kuliko wewe, nawe hutaki arejee nyumbani na habari kwamba baba amerudishwa mara tatu kwenye «al-hamdu». Lakini Mtume (s.a.w.) amebashiri kwamba anayesoma Kurani kwa kukwamakwama na kwa taabu ana ujira mara mbili. Aliyenyooka hakuahidiwa hesabu hiyo, ingawa daraja yake ni kubwa.

Kwa hiyo, kuanzia juma hili, Jumamosi na Jumanne baada ya Alasiri, tutakaa msikitini kwa ajili ya watu wazima peke yao. Watoto hawatakuwapo, na mlango wa upande wa barabara tutaufunga. Kila mtu atasikilizwa peke yake, dakika tano, atapewa neno moja la kwenda nalo nyumbani, na hatapewa la pili mpaka arudi na la kwanza. Akina mama watasikilizwa na mwalimu wao, upande wao, saa ile ile. Hakuna franka ya kulipa wala kitabu cha kuleta. Njoo na Fatiha yako vile unavyoisoma.

Wassalaam alaykum warahmatullah.