Mwezi na Maji: Kuandika Riwaya ya Kihistoria Pwani ya Kusini

Riwaya ya kihistoria huweka watu wa kubuni ndani ya tukio lililotokea kweli. Shafi Adam Shafi aliuchukua mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Unguja wa 1948 akaujengea riwaya ya Kuli, iliyotoka 1979. Pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Diani hadi Vanga, ina matukio mazito yasiyopungua hilo, na mengi bado yanangoja mwandishi. Moja ni vita vya Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi. Mwaka 1895 ugomvi wa Wamazrui juu ya urithi wa utawala wa Takaungu uliivuta sehemu kubwa ya pwani vitani. Tarehe 17 Agosti mwaka huohuo wanamaji wa Uingereza waliiteka Mwele, ngome ya Mbaruk katika vilima vilivyo nyuma ya Gazi. Aprili 1896 alivuka mpaka na watu wake kuingia eneo la Wajerumani, na akafia Dar es Salaam 1910.

Kuandika habari kama hizi kuna hatua tatu: kukusanya, kupima na kutunga.

Kukusanya hakuhitaji maelezo mengi. Barua za watawala zimo katika Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi. Historia ya Wamazrui iliandikwa na Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Masimulizi yako kwa wazee wa Gazi, Msambweni na Mwabungo. Anayetaka kuingia Kaya Kinondo, mmoja wa misitu ya Mijikenda iliyowekwa katika Urithi wa Dunia 2008, huomba ruhusa kwa wazee wa kaya na kujifunga kaniki. Wauza vikale ni wa kuepukwa. Ramani za “kale” zinazouzwa kwa watalii zimechapwa juzi. Wazee wa Gazi hawauzi maneno yao.

Kupima ndiko kunakobeba riwaya. Masimulizi ya pwani hayataji tarehe ya kizungu. Hutaja mwezi, upepo na maji, na vitu hivyo vitatu vinaweza kukaguliwa hata baada ya karne. Kabla ya vyote, siku ya Waswahili huanza jua linapotua, kwa hiyo tukio la usiku wa Ijumaa lilitokea Alhamisi usiku kwa kalenda ya ofisi. Kwanza ni mwezi: huandama kwa kuonekana, na programu za simu zinazobadili tarehe za Hijria hutumia hesabu tupu, kwa hiyo huweza kukosea kwa siku moja au mbili. Ni bora kutafuta siku halisi za mwezi mpevu wa mwaka husika katika majedwali ya wanafalaki. Kwa njia hiyo hubainika kwamba Mwele ilianguka mwishoni mwa Safar 1313, mwezi ukiwa umebaki ukucha na kuchomoza usiku ukielekea kwisha. Mkimbizi wa usiku ule hawezi kuandikwa akimulikiwa na mbalamwezi saa tatu ya usiku.

Pili ni maji, na hapa ndipo penye ufunguo. Katika pwani hii, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa ya bamvua: hujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa takriban dakika 50, hata kufikia siku ya saba ni maji mafu, na kujaa kumehamia karibu saa nne. Tofauti kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua kubwa hukaribia mita 4. Mwandishi anayejua umri wa mwezi basi anajua kama chombo kiliweza kuvuka mwamba, kama hori ilipitika kwa miguu, na kama wanawake walikuwa mwambani wakitafuta pweza.

Hesabu hii ndiyo iliyoiokoa sura moja ya riwaya inayoandikwa Mwabungo na mwandishi wa makala haya. Nyumba mbili za kijijini zinasimulia jinsi wazee wao walivyoikimbia Gazi. Nyumba ya kwanza husema waliondoka kwa mashua. Ya pili hushikilia kwamba walivuka hori kwa miguu, maji yakiwafika magotini. Zote mbili hukubaliana kwamba ulikuwa mwezi kumi na nne, na kila moja huiona nyenzake kuwa imesahau. Msomi mmoja aliyeulizwa alishauri masimulizi yote mawili yatupwe, kwa kuwa yanapingana. Ushauri huo ulikuwa wa haraka mno. Bibi wa nyumba ya kwanza hukumbuka kuambiwa kwamba mashua ilisukumwa baada ya adhana ya alasiri. Mzee wa nyumba ya pili husema watoto walibebwa mgongoni, wamelala. Alasiri ya mwezi kumi na nne maji yamejaa na mashua inaelea. Saa nne ya usiku huohuo yamekupwa, na watoto wamekwisha kulala. Nyumba zote mbili zina haki. Maji hayathibitishi kwamba safari zilikuwapo, lakini yanathibitisha kwamba ziliwezekana, kila moja kwa saa yake. Sura iliyokuwa na safari moja yenye shaka ikapata safari mbili, na familia iliyogawanyika kati ya waliotoka mchana na waliosubiri usiku. Hakuna faili la Nairobi ambalo lingetoa hilo.

Tatu ni upepo, nao hukaguliwa vivyo hivyo: Agosti ni kusi, na jahazi huenda upesi toka Vanga hadi Mombasa, lakini kurudi ni taabu.

Kutunga huja mwisho. Kila onyesho la nje huandikiwa pembeni umri wa mwezi, hali ya maji na upepo kabla ya sentensi ya kwanza. Kisha hesabu huondolewa katika maandishi, na mhusika hubaki na giza, tope na magoti yaliyolowa. Jambo likiwezekana kwa bahari na likikubaliwa na wazee, huingia kitabuni. Lisilowezekana kwa bahari huachwa, hata kama limeandikwa kwa mkono wa gavana.