Somo la Afya: Muundi Ukivunjika Karibu na Goti

Katika somo hili tunaangalia jeraha ambalo linasumbua jamaa nyingi kwetu Meru na Embu. Pikipiki zinaanguka kila siku. Vijana wa Igembe wanateleza kutoka juu ya miti ya miraa, wengine kule Mbeere wanaanguka kutoka kwa miembe. Mzee naye anaweza kuanguka kwenye matope tu, akavunjika muundi pale juu unapokutana na goti. Halafu watu wanasikia kuna "goti la chuma", na mara ng'ombe anauzwa ama harambee inaitwa. Tujifunze kwanza.

1. Ni nini kinachovunjika?

Kichwa cha mfupa wa muundi ni kama meza. Mfupa wa paja unakaa juu yake, na katikati kuna gegedu laini inayoteleza. Pigo likiwa kali, paja linagonga meza hiyo kama nyundo, nayo inapasuka ama inabonyea. Ikipona ikiwa imeinama, gegedu inalika polepole na goti linaanza kuuma kila siku.

2. Saa za kwanza

- Usikande wala kuvuta mguu. Mwambie mgonjwa asiukanyage.
- Funga mbao mbili kutoka paja hadi kifundo, kwa kitambaa kisichobana.
- Kama kuna kidonda, kifunike kwa kitambaa safi.
- Angalia vidole. Maumivu yakizidi sana vidole vikinyooshwa, muundi ukiwa mgumu kama ubao, ama mguu ukiwa baridi au umekufa ganzi, hii ni hatari. Uvimbe wa ndani unabana damu, na misuli inaweza kufa kwa saa chache. Usingoje asubuhi.

Ndiyo maana hatushauri kumpeleka kwa mkandaji. Kumkanda na kumfunga kwa nguvu kumewapotezea wengine mguu mzima.

3. Matibabu ni gani?

Daktari ataanza na eksirei. Kama mfupa umepasuka bila kusogea, plasta inaweza kutosha, na mgonjwa atembee kwa magongo bila kukanyaga kwa wiki 6 hadi 12. Kama meza imebonyea, daktari wa mifupa huiinua na kuishika kwa bamba la chuma na skrubu. Baadaye mazoezi ya kukunja goti ni ya lazima, la sivyo linakauka. Anzeni kuuliza katika hospitali za rufaa za Meru na Embu, ama za misheni kama Chogoria, Maua na Nkubu.

4. Je, goti bandia?

Kwa kijana, hilo si tiba ya kwanza. Goti bandia ni chuma na plastiki. Linachakaa, na kulibadilisha mara ya pili ni kazi ngumu zaidi. Pia kuchuchumaa chooni na kupiga magoti shambani huwa shida. Linafaa hasa kwa mzee ambaye mifupa yake ni dhaifu, ama goti lilikuwa limeharibika hata kabla ya kuanguka. Linafaa pia kwa mtu ambaye mfupa ulipona lakini gegedu ikaisha baada ya miaka.

Hao wa mwisho si wengi. Utafiti wa Ontario, Canada, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha kuwa kati ya watu 100 waliopasuliwa kwa kuvunjika hivi, kama 7 tu ndio walikuwa wamebadilishiwa goti baada ya miaka 10. Kwa hivyo, mfupa ukirudishwa vizuri mapema, wengi hawalihitaji.

5. Kabla ya kuuza shamba, uliza daktari:

- Je, mfupa huu unaweza kushikwa kwa bamba?
- Kwa nini goti bandia, na kwa nini sasa?
- SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa kiasi gani, na sisi tutalipa nini?
- Mazoezi yatafanyiwa wapi, na kwa muda gani?

Kuuliza si kumkosea daktari heshima. Ni haki ya mgonjwa.

Ya kujadili katika kikundi

1. Mtu akivunjika muundi usiku kijijini kwetu, nani ana gari, na nani anajua kufunga mbao?
2. Tutawasaidiaje wapanda miti na vijana wa bodaboda wasifikie hapo?
3. Jirani anatembea kwa magongo wiki 12. Nani atamlimia na kumchotea maji?